Treni Isiyoacha Mtu

Treni yetu tuliipa jina la Bi Harusi. Nani amewahi kumwona bibi harusi akitoka nje kwa saa iliyoandikwa kwenye kadi? Mara bado anapambwa, mara kiatu kinambana, mara shangazi yake hajafika, na nyinyi mmekaa mnapiga miayo na kutazamana. Akitokea mnamshangilia na kusahau yote. Treni yetu nayo ilikuwa hivyo hivyo, ila kushangilia tulikwisha kuchoka. Ilikuwa na mabehewa manne na injini yenye kikohozi, na ilipita kwenye reli moja tu inayochepuka kutoka njia kuu na kuja kuishia huku vitongojini kwetu.

Mimi ni mtu wa kituo cha katikati. Nauza tiketi, nafagia jukwaa, natangaza kwenye kipaza sauti, na treni ikiwa tayari kuondoka nainua bendera ya kijani na kupuliza filimbi. Maneno niliyoyasema kuliko yote katika maisha yangu ni "treni inakuja". Sikuwa nasema uongo. Treni iliyosimama kituo cha jirani ikimngoja fundi bomba amalize chai yake, nayo inakuja. Hata kiama kinakuja. Abiria wangu walikuwa wameshanielewa: wakisikia "inakuja" wanakaa, wakisikia "imekaribia" wanafungua gazeti, na wakiiona kwa macho yao ndipo wanapotafuta viatu walivyovivua.

Ubovu wa injini tulikuwa nao, sikatai. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa kushikiwa. Mtu akichelewa, jirani yake anaweka mguu mlangoni. Mguu ukiwepo mlango haufungi, na mlango usipofunga treni haiondoki. "Mshikie mama mapacha, yuko pale konani." "Ngoja kidogo, mwalimu huyo anakuja, nimeona mwavuli wake." Tulijisifu kwa hilo. Treni yetu haiachi mtu, tulisema, na tukasema kwa kiburi hasa. Kisha watu hao hao wakifika mjini jua limeshapanda, wanalitukana shirika la reli mpaka mate yanawakauka. Aliyeweka mguu mlangoni asubuhi ndiye aliyepeleka malalamiko jioni.

Dereva wa Bi Harusi ni kaka yangu, tumbo moja. Watu wanamwita Breki, kwa sababu hajawahi kumwona mtu anakimbia akashindwa kusimama. Ni mpole na mcha Mungu, fundi wa kazi yake, ila maneno anayatoa kama mtu anayeng'oa misumari kwenye ubao, mmoja mmoja na kwa jasho. Umri wa kuoa ulimpita akiwa anaukodolea macho tu. Mama yetu alikuwa akiwaambia wageni, huku kaka mwenyewe amekaa pale pale, "Mwanangu ana treni nzima, lakini hana abiria wa kwake."

Mama alikosea kidogo. Abiria alikuwepo.

Ng'ambo ya barabara, ukisimama dirishani pangu, kuna nyumba yenye ngazi ya nje, na juu ya ngazi kuna mlango wa rangi ya kijivu. Hapo anakaa fundi saa. Ni mjane asiye na mtoto, mwanamke wa makamo mwenye vidole vyembamba, na meza yake ya kazi iko mjini, kwenye korido ya stesheni kuu. Kila asubuhi alikuwa wa mwisho kutoka. Bi Harusi amesimama, watu wamepanda, mimi nimeshika bendera, ndipo mlango wa kijivu unafunguliwa na fundi saa anashuka na kisanduku chake cha vifaa, bila haraka, kama anayekwenda kuanua nguo. Watu walicheka. Anatengeneza saa za watu na yeye hajui saa, walisema, kweli mganga hajigangi.

Kaka hakucheka. Alikuwa akishuka kwenye injini na kitambaa mkononi, anafuta kile chuma cha kushikia mlangoni, anafuta na kufuta, mpaka fundi saa amefika mbele yake.

"Umefika," anasema kaka.

"Nimefika," anajibu fundi saa.

Basi. Anapanda, kaka anarudi kwenye injini, na mimi napuliza filimbi huku nikiomba Mungu anipe subira. Posa yake yote ilikuwa hiyo, miaka nenda miaka rudi. Nyumbani mimi na mama tulikuwa tumeshaanza kumwita yule mwanamke "wifi" na "mkwe", mwenyewe hana habari. Siku moja nikamwambia kaka, "Kile chuma ukikifuta tena kitatoboka." Akasema kina vumbi.

Ikawa hivyo mpaka malalamiko ya kamati ya abiria yalipofika makao makuu na, kinyume cha matarajio ya kila mtu, yakasomwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mfamasia, mtu mwenye sauti kubwa na funguo nyingi. Alitaka shirika lichukue hatua. Shirika likamleta mhandisi, binti aliyekaribia umri wa makamo, mwenye viatu vya kutembelea na sura isiyokasirika. Kwa sababu alikuwa akiitazama saa yake kila treni iliposimama, kabla ya jioni alikuwa ameshapewa jina la Bi Dakika. Nilipomwambia, akasema anashukuru, makao makuu wanamwita jina baya zaidi.

Bi Dakika hakukaa ofisini. Alipanda treni yetu asubuhi na jioni, akakaa kila behewa, akaipita reli kwa miguu, akaingia na kaka ndani ya injini akatoka na mafuta mpaka kwenye nyusi. Kisha akatuita wote kwenye ukumbi wa kungojea, siku ya mapumziko, tukajaa mpaka madirishani. Mfamasia alikaa mbele, amevaa koti, tayari kupokea pole za shirika.

"Wazee wangu, mama zangu," akaanza Bi Dakika, "naomba anyooshe mkono aliyewahi kucheleweshwa kazini na treni hii."

Mikono yote ikaenda juu, na wengine wakanyoosha miwili.

"Ahsanteni. Sasa anyooshe mkono ambaye treni hii imewahi kumngoja."

Watu wakaanza kulitazama dari, ambalo halina cha kutazamwa ila madoa ya mvua. Mfamasia akakohoa.

"Mimi, mara moja moja," akasema. "Na ilikuwa dharura."

"Dharura gani, mzee wangu?"

"Funguo."

Ukumbi ukaangua kicheko, na mfamasia naye akacheka, maana ni mtu mwema. Bi Dakika aliacha kicheko kiishe chenyewe. Akasema injini ni mgonjwa na hiyo ni kazi yake, ataitibu. Akasema kuna sehemu reli imelegea na mafundi watakuja. "Lakini hata nikiwaletea injini mpya kesho, mtaushika mlango. Na kila mnayemngoja, kuna mwingine ndani ya behewa mnamchelewesha, ila huyo hamumwoni kwa sababu amekaa kimya."

Hapo akasimama dada mmoja, msafishaji wa hospitali, anayepandia hapa kwangu na kukaa pembeni siku zote. Sikuwahi kusikia sauti yake zaidi ya kuomba tiketi. Alisema alikuwa na kazi nzuri hospitali kubwa, akaachishwa kwa kuchelewa, na sasa amepata nyingine na anaogopa yatakuwa yale yale. "Msimamizi aliniuliza, kila siku treni? Nikasema ndiyo, kila siku treni. Niliona haya kumwambia kwamba treni ilikuwa inamngoja mtu atafute funguo." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilituuma. Mfamasia aliinamisha kichwa. Nikamtazama kaka yangu. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mikononi, anaizungusha, anaizungusha, na nikajua neno limemwingia.

Bi Dakika akatupa sharti la shirika. Tuna mpaka mwisho wa mwezi ujao. Bi Harusi akizoea kuondoka kwa wakati, anabaki kwetu. Akishindwa, mabehewa na dereva wake wanahamishiwa njia kuu, ile ya mbali ambako dereva analala safarini na nyumbani wanamwona kwa nadra, na sisi tutaletewa mabasi ya shirika. Kuanzia Jumatatu, filimbi ikilia hakuna mguu mlangoni na hakuna kungoja mtu, awe nani.

"Awe nani," kaka akarudia polepole, kama mtoto anayefundishwa shahada.

Ukiona mtu amekwama, ndiye huyo. Akingoja, tunanyang'anywa treni, na yeye anapelekwa mbali na ule mlango wa kijivu. Asipongoja, yule mwanamke ataona yule bwana aliyekuwa akimngoja siku zote sasa anampita kama nguzo. Kwa mtu mwenye ulimi dawa ilikuwa rahisi. Kaka yangu ulimi anao wa kulambia stempu tu.

Jumapili jioni alikaa jikoni kwa mama, chai imepoa mbele yake.

"Mwambie," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kesho hutamngoja, lakini si kwamba humtaki."

"Hilo la pili litatokaje," akasema, "na la kwamba namtaka sijawahi kulitoa?"

Mama akasukuma kiti. "Baba yako alinitamkia sokoni, nimeshika samaki mbichi. Hakufa."

Kaka akawaza sana. Hatimaye akaniambia, bila kunitazama, "Wewe tangaza. Kwenye kipaza sauti. Abiria wanaombwa kufika mapema. Atasikia."

"Sawa."

"Weka na tafadhali."

"Nitaweka."

"Weka mbili."

Ningecheka ningekuwa si dada yake. Nilitamani kumpiga na sufuria.

Jumatatu hiyo ungefika kituoni ungedhani kuna msiba. Watu walikuwa wamejaa jukwaani mapema mpaka kunguru walishangaa. Mama mapacha na mapacha wake, mwalimu na mwavuli, mfamasia na funguo zake zimefungwa shingoni kwa kamba. Msafishaji wa hospitali alikuwa wa kwanza. Nikatangaza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na tafadhali nikaziweka hata tatu, uso wangu umeelekea ng'ambo ya barabara. Mlango wa kijivu ulikuwa umefungwa.

Bi Harusi akaingia kwa wakati, jambo ambalo lenyewe lilitutisha. Watu wakapanda. Kaka hakushuka. Nilimwona kwenye dirisha la injini, ameshika mpini wa breki kwa mikono miwili, macho juu ya ngazi. Kwa saa ya ukutani wakati ukafika. Nikainua bendera. Mkono wangu ulikuwa mzito, nasema kweli, na hapo ndipo nilipofanya ninalotaniwa mpaka leo. Nilikimbilia kipaza sauti nikapaza, "Wifi, tafadhali, treni inaondoka."

Wifi. Mbele ya kituo kizima, na kile kipaza sauti kinafika mpaka msikitini na mpaka kanisani. Behewa la kwanza likapiga kelele za furaha. Nikageuka kumtazama kaka. Alikuwa ameiva kwa haya mpaka masikioni, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama ngazi. Kisha macho yake yakashuka, yakaenda kwenye behewa la pili, dirishani alikokaa yule dada wa hospitali na mkoba magotini. Nikapuliza filimbi. Akaachia breki.

Treni ilikuwa bado haijaupita mwisho wa jukwaa wakati mlango wa kijivu ulipofunguliwa. Fundi saa alishuka, akavuka barabara, akasimama kando yangu na kisanduku chake.

"Ameondoka," akasema.

"Ameondoka."

"Hakushuka kufuta."

"Kuna sheria mpya. Nimetangaza mpaka koo limekauka. Hukusikia?"

"Nilisikia tangu la kwanza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango."

Nikamwomba arudie. Akarudia, bila aibu. Kila siku huwa tayari mapema, amevaa, kisanduku mkononi. Anasimama nyuma ya mlango mpaka Bi Harusi asimame na watu wapande, ndipo anatoka.

"Fundi saa mimi, dada. Unadhani kweli sijui saa?"

Damu ilinichemka. Nikamwambia kwamba kuna watu wameachishwa kazi kwa ajili ya mchezo wake. Nikamwambia kwamba kaka yangu amemaliza vitambaa vya nyumba nzima. Aliniacha niseme, halafu akakaa kwenye benchi.

"Hilo la watu kuachishwa kazi sikulijua, na nalijutia," akasema. "La kaka yako nitakueleza. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kutangulia. Njiani yeye mbele, sokoni yeye mbele, mimi nyuma nakimbia na mfuko. Hakuwa mbaya. Ila sikumbuki hata siku moja aligeuka kuona kama nafika. Halafu nikahamia hapa, nikachelewa treni siku moja, kuchelewa kwa kweli, nikamkuta mtu mzima anafuta chuma kisicho na vumbi ili nisiachwe. Nilipanda nikalia kimya kimya mpaka mjini. Kesho yake nikataka kuona kama atangoja tena. Na kesho yake. Ilikuwa tamu, dada. Sikujua namna ya kuiacha."

Nilikaa kando yake. Hasira ikanitoka, na hilo nalo likaniudhi, kwa maana nilikuwa bado nina mengi ya kusema.

"Na leo umepata jibu gani?" nikauliza.

"Leo nimeitwa wifi na kipaza sauti." Akatabasamu kidogo. "Wewe umesema. Kituo kizima kimesema. Mwenye kusema hajasema, na kule kungoja alikokuwa akisemea kumekatazwa. Basi. Usimwambie tuliyozungumza."

Akainuka, akapanda basi. Kesho yake pia akapanda basi.

Alinikataza kusema, lakini jamani, mimi ndiye mtangazaji. Jioni hiyo hiyo ya Jumatatu kaka alikuwa hajavua hata viatu nikammwagia yote. Alisikiliza kwa kichwa chini.

"Kwa hiyo alikuwa nyuma ya mlango," akasema.

"Nyuma ya mlango."

"Siku zote."

"Siku zote, na kisanduku mkononi. Mnafanana, Mungu amewaumba na ukaidi mmoja."

Nikangoja aseme neno. Akala, akashukuru, akaenda kulala. Mama akanitazama, akasema mtoto huyu alimbeba mwezi mmoja zaidi kuliko wengine na sasa anajua kwa nini.

Mwezi ukaenda. Mafundi wakaja, injini ikapona kikohozi, reli ikakazwa, na Bi Harusi akawa anakuja na kuondoka kama mtu aliyeokoka. Nilipotangaza "treni inakuja", ilikuwa inakuja kweli, na wazee wawili watatu walipata mshtuko. Msafishaji wa hospitali alianza kunisalimia kwa utani. Bi Dakika alikuja akamshika kaka mkono mbele ya watu na kumsifu, na kaka akasema ahsante kwa sauti ya mtu anayepewa pole. Kila asubuhi alisimamisha treni mahali pake, akatazama mlango mmoja, akaondoka kwa wakati. Alikonda. Nami nilipomwona anakonda nilitamani reli yote ing'olewe ikauzwe chuma chakavu, nasema ukweli, na kazi yangu juu yake.

Siku ya mwisho ya majaribio iliangukia zamu ya kaka ya kupumzika. Injini ilichukuliwa na dereva wa akiba. Nilipofika kufungua dirisha la tiketi, nilimkuta kaka ng'ambo ya barabara. Amevaa shati lililopigwa pasi mpaka linakata, nywele zina maji, amesimama chini ya ile ngazi mikono nyuma. Sikumwita. Watu walianza kufika, kila anayefika anamwona, anamgusa mwenzake kwa kiwiko, na jukwaa zima likageukia upande usio wa treni. Watu wetu kwa kutazama ya wenzao hawana mpinzani, lakini siku hiyo hata kukohoa hawakukohoa.

Bi Harusi akaingia. Watu wakapanda wakajazana madirisha ya upande ule. Mlango wa kijivu ukafunguliwa kwa haraka nisiyowahi kuiona, na fundi saa akatokeza na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Tangu lini uko hapo?" akauliza kutoka juu.

"Tangu kulipokucha."

"Ungegonga."

"Nimezoea kungoja." Kaka akaitoa mikono mgongoni. "Treni hairuhusiwi kukungoja tena. Ni haki, wala sitaichelewesha. Lakini mimi leo sina treni. Nimekuja kukungoja mimi kama mimi. Na kesho nitakungoja, nikitoka kazini. Sikuwa nafuta chuma. Nataka nikuoe." Akapumua kwa nguvu. "Nimelisema."

"Umelisema mbele ya kituo kizima," akasema fundi saa.

"Kituo kizima kilikuwa kinajua."

Yule mwanamke akakaa pale juu kwenye ngazi, kiatu mapajani, akafunika uso kwa kiganja. Hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Kisha akasema, "Nakubali. Ngoja nivae hiki."

Behewani watu walikuwa wanapangusa macho kwa tiketi. Kwa saa ya ukutani wakati ulikuwa umefika. Nikainua bendera, na hapo nikauona mguu. Mfamasia, mwenyekiti wetu, ameuweka mlangoni kama zamani, macho yamemlowa.

"Washikie," akaniambia. "Dada, siku moja tu, hawa wawili. Wanakuja."

Nami nilitaka. Nani asingetaka? Ni kaka yangu, na ni wifi yangu, sasa kwa haki. Nikamtazama yule dada wa hospitali, dirishani pake na mkoba wake. Alikuwa anatabasamu na wengine, lakini mkono wake ulikuwa umeifunika saa, kama anayeizuia isiende.

"Toa mguu, mzee wangu," nikasema.

"Hata kwa hawa?"

"Awe nani. Toa mguu."

Akautoa. Nikapuliza filimbi kwa nguvu zangu zote, na Bi Harusi akaondoka kwa wakati, madirisha yote yanapunga mikono. Ng'ambo ya barabara fundi saa akainua kichwa, akayatazama mabehewa yakipita moja baada ya jingine.

"Imetuacha," akasema.

"Iache iende," akasema kaka yangu, akapanda ngazi akakaa kando yake, kumngoja afunge kiatu.